MWA, GMRT au LOFAR: ipi inafaa kuchunguza mabaki ya supanova kwa masafa ya chini?

Mtafiti anayetaka kuchunguza mabaki ya supanova, yaani gesi na vitu vinavyoendelea kuenea baada ya nyota kulipuka, kwa mawimbi ya redio yenye masafa ya chini, hasa chini ya megahezi 300, kwa kawaida hujikuta akichagua kati ya darubini tatu: MWA iliyoko Australia Magharibi, GMRT iliyoko India, na LOFAR ambayo kitovu chake kiko Uholanzi. Zote tatu ni safu za antena nyingi zinazofanya kazi kama darubini moja, na zote zimekwisha kutoa sensa za anga ambazo picha zake ziko wazi kwa kila mtu. Hata hivyo haziwezi kushika nafasi ya mwenzake. Baki ambalo kwenye picha ya MWA ni duara kamili lenye kingo zinazong'aa laweza kuonekana kwenye sensa ya GMRT kama nyuzi mbili tatu zisizohusiana, na lisionekane kabisa kwa LOFAR kwa sababu tu halipandi vya kutosha juu ya upeo wa macho wa Uholanzi.

Rai yangu, ambayo nitaitetea hapa chini, ni kwamba uchaguzi uanze na baki lenyewe: ukubwa wake angani, mahali lilipo, na swali linaloulizwa. Upambanuzi wa darubini, yaani uwezo wake wa kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana, ndio ambao wengi huutazama kwanza, nami naona uje baadaye. Anayeutanguliza huishia kupata picha nzuri yenye vipimo vibaya, na vipimo ndivyo vinavyoingia kwenye hoja za kisayansi.

Kinachopatikana na kinachopotea masafa yakishuka

Nyota inapolipuka, vitu vilivyotupwa huichana gesi inayoizunguka kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, na wimbi la mshtuko linalotangulia huziongezea elektroni kasi hadi zikaribie mwendo wa nuru. Elektroni hizo zikizunguka kwenye uga wa sumaku hutoa mnururisho wa sinkrotroni, ambao huongezeka nguvu kadiri masafa yanavyoshuka. Kwa baki la kawaida lenye umbo la gamba, mteremko wa spektra, yaani kipeo kinachoonyesha jinsi mng'aro unavyobadilika masafa yakibadilika, ni karibu −0.5. Maana yake ni kwamba baki linalotoa jansky 1 (kipimo cha mng'aro wa redio) kwenye megahezi 1,000 litatoa takriban jansky 2.6 kwenye megahezi 150, na takriban jansky 4.5 kwenye megahezi 50.

Gesi ya moto inayozizunguka nyota changa kubwa, ambayo hidrojeni yake imegeuzwa kuwa ioni, haifuati kanuni hiyo. Kwenye masafa ya juu spektra yake ni karibu tambarare, na masafa yakishuka vya kutosha gesi hiyo huanza kuyafyonza mawimbi ya redio, yakiwemo yale yanayotoka nyuma yake. Hapo ndipo masafa ya chini yanapoonyesha thamani yake. Kwenye ukanda wa Njia Nyeupe, ambako vitu vya kila umri na kila umbali hupangana mbele ya macho yetu, gamba la supanova na wingu la hidrojeni ya moto huweza kufanana mno kwenye megahezi 1,400. Ukitazama mahali hapohapo kwenye megahezi 80, gamba hubaki liking'aa, na mawingu ya hidrojeni hugeuka kuwa matundu meusi mbele ya mwanga mtawanyiko wa galaksi.

Hata hivyo kuna gharama ambayo aghalabu hairukwi kwenye hesabu za wazoefu lakini hurukwa kwenye mipango ya wanaoanza. Anga lenyewe lina mnururisho wa sinkrotroni, na joto lake la redio huongezeka takriban kwa kipeo cha −2.55 cha masafa. Ukishuka kutoka megahezi 150 hadi 50, kelele ya anga huongezeka kama mara 16, ilhali mng'aro wa baki lako umeongezeka mara 1.7 tu. Antena ndogo za fimbo zisipobanana hujifidia kwa kiasi fulani, kwa kuwa eneo lake la kukusanya mawimbi hukua kwa kipeo cha pili cha urefu wa wimbi, na hivyo hupata mara 9. Dishi halina fidia hiyo, kwa sababu eneo lake ni lilelile. Kwa hiyo asishuke chini ya megahezi 100 mtu anayetafuta mng'aro peke yake. Ashuke huko kwa sababu anatafuta ufyonzaji, au kwa sababu swali lake halijibiki kwingineko.

Darubini zenyewe

MWA imejengwa katika eneo la Murchison, mbali sana na vituo vya redio na televisheni. Ilianza kazi rasmi mwaka 2013 ikiwa na vigae 128, kila kigae kikiwa na antena 16 zenye umbo la buibui zilizopangwa juu ya wavu wa chuma. Hakuna kinachozunguka: mwelekeo wa kutazama huchaguliwa kwa kuchelewesha ishara za baadhi ya antena. Mwanzoni vigae vilienea kilomita 3 hivi, na baadaye vikasogezwa hadi kilomita 5 na kitu. Sensa yake iitwayo GLEAM inaanzia megahezi 72 na kuishia 231, ina upambanuzi wa takriban dakika 2 za tao (dakika ya tao ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi, na sekunde ya tao ni sehemu moja ya 60 ya dakika hiyo), na imegawanywa katika vipande 20 vya masafa. Mgawanyo huo una faida kubwa kuliko unavyoonekana kwa haraka, kwa maana mteremko wa spektra unaweza kupimwa ndani ya sensa moja, kwa antena zilezile, bila kuazima vipimo vya darubini nyingine.

GMRT iko Khodad, kaskazini mwa mji wa Pune. Ina madishi 30, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 45. 14 yamekusanywa katika eneo la takriban kilomita moja ya mraba, na 16 yamepangwa kwenye mikono mitatu yenye umbo la herufi Y, hivi kwamba madishi yaliyo mbali zaidi yametengana kwa kilomita 25. Baada ya kuboreshwa, inapokea karibu masafa yote kati ya megahezi 120 na 1,450 kwa makundi manne ya vipokezi. Sensa yake ya megahezi 150, TGSS, ilifanywa kati ya mwaka 2010 na 2012, ina upambanuzi wa sekunde 25 za tao, na inafunika karibu asilimia 90 ya anga lote.

LOFAR ilizinduliwa mwaka 2010, nayo ni darubini mbili ndani ya moja. Antena zake za chini hupokea megahezi 10 hadi 90, na za juu hupokea 110 hadi 240 au zaidi kidogo. Pengo lililo katikati limeachwa kwa sababu vituo vya redio vya FM vya Ulaya vimeijaza sehemu hiyo. (MWA haina haja ya kuliacha pengo hilo, kwa kuwa jangwani kwake FM ni hafifu, na vipande kadhaa vya GLEAM viko humohumo ndani ya masafa ya FM.) Vituo vya Uholanzi peke yake hutoa upambanuzi wa sekunde 6 za tao kwenye megahezi 144, na vikiunganishwa na vile vya Ujerumani, Poland, Ufaransa, Sweden, Uingereza, Ireland na Latvia, upambanuzi hufika sehemu 0.3 ya sekunde ya tao.

Ukisoma aya hizo tatu kwa haraka utadhani LOFAR imeshinda kila kitu. Sivyo.

Ukubwa wa baki ndio unaoamua mengi

Safu ya antena haioni kila kitu kilicho mbele yake. Antena mbili zilizotengana kwa umbali fulani huhisi maumbo ya ukubwa fulani tu: umbali mrefu huhisi vitu vidogo, na umbali mfupi huhisi vitu vikubwa. Kwa hiyo umbali mrefu zaidi ndio unaoweka upambanuzi, na ule mfupi zaidi ndio unaoweka ukubwa wa umbo ambalo darubini inaweza kulipima bila kulipunguza. Kila tangazo la darubini huitaja namba ya kwanza. Mtafiti wa mabaki ya supanova aitafute namba ya pili kwa bidii zaidi.

Kwa GMRT, madishi yaliyo karibu zaidi yametengana kwa takriban mita 100. Hiyo inaipa uwezo wa kupima maumbo hadi karibu dakika 68 za tao kwenye megahezi 150, lakini dakika 32 tu kwenye megahezi 325, na dakika 17 kwenye megahezi 610. Hizo ni namba za juu kabisa, zinazopatikana pale vipimo vya madishi ya karibu vinapokuwa vizuri vyote, jambo ambalo si la kila siku kwa sababu vipimo hivyo ndivyo vinavyochafuliwa kwanza na usumbufu wa mawasiliano. Kwa MWA, antena za karibu zimetengana kwa chini ya mita 10, kwa hiyo hata baki la Vela, lenye upana wa nyuzi 8 hivi, linaingia lote. LOFAR ina kitovu chenye vituo vilivyobanana, lakini sensa yake kuu, LoTSS, iliacha nje vipimo vya umbali wa chini ya mita 100, na hivyo maumbo makubwa kuliko nyuzi 1 hivi hayamo kikamilifu kwenye picha zake.

Chukua W44, baki ambalo darubini zote tatu zinaliona, lenye upana wa takriban dakika 35 kwa 27 za tao. Mteremko wake wa spektra ni karibu −0.37. Tuseme mtafiti amelipima kwa GMRT kwenye megahezi 150 na kupata mng'aro wake wote, kisha akalipima kwa GMRT hiyohiyo kwenye megahezi 610, ambako darubini haihisi maumbo yanayozidi dakika 17, akapoteza asilimia 30 ya mng'aro bila kujua. Akipiga hesabu, mteremko utatoka −0.62. Picha mbili hizo zitakuwa safi, nyuzi za gamba zitaonekana kwa undani wa kupendeza, na hakuna kitakachomwonya kwamba namba aliyoipata inasimulia historia tofauti kabisa ya elektroni za baki hilo. Kosa likitokea upande wa masafa ya chini, namba huhama kuelekea upande wa pili na spektra huonekana tambarare kuliko ilivyo, na mtu anaweza kudhani amegundua ufyonzaji ambao haupo.

Dawa yake inajulikana, nayo ni kutumia kwenye kila masafa vipimo vya umbali uleule ukihesabiwa kwa urefu wa wimbi, kisha kuzififisha picha zote hadi ziwe na upambanuzi sawa kabla ya kugawanya pikseli kwa pikseli. Kwa upande wa masafa ya juu, ni vizuri kutumia darubini ya dishi moja, kama vile Effelsberg yenye kipenyo cha mita 100, ambayo haipotezi maumbo makubwa. Lakini dawa hiyo hailirudishi kile ambacho safu haikukipima. Ndiyo maana nasema kwamba kwa baki lenye upana unaozidi dakika 30 za tao, mng'aro wote upimwe kwa MWA, na GMRT au LOFAR itumike kuonyesha maumbo ya ndani tu. Kwa TGSS nina tahadhari ya ziada: uchakataji wake ulilenga vyanzo vidogo, na magamba mapana kwenye ukanda wa galaksi hutoka yamekatika. Itumie kuangalia kama katikati ya gamba lako pamejificha kwasa, yaani kiini king'aacho mno cha galaksi, au galaksi ya mbali inayochafua kipimo. Kwa kazi hiyo ni nzuri kweli.

Mahali lilipo angani

Hapa maelezo ni mafupi kwa sababu hakuna la kubishania. LOFAR iko karibu na latitudo ya nyuzi 53 kaskazini, na kitovu cha Njia Nyeupe hakipandi zaidi ya nyuzi 8 hivi juu ya upeo wake. Antena zilizolala chini haziwezi kufanya kazi nzuri katika pembe hiyo. Kwa hiyo LOFAR ni ya mabaki ya kaskazini: Cassiopeia A, baki la Tycho la mwaka 1572, Cygnus Loop, baki la Kaa la mwaka 1054. MWA ni ya kusini, na huona hadi karibu nyuzi 30 kaskazini mwa ikweta ya anga. GMRT, iliyoko nyuzi 19 kaskazini, huona sehemu kubwa ya pande zote mbili, hadi nyuzi 53 kusini. Vela na baki la supanova ya mwaka 1006 yamo ndani ya mipaka ya GMRT ingawa yako chini sana, ilhali Wingu Kubwa la Magellan, lenye supanova ya mwaka 1987, ni la MWA peke yake kati ya hizi tatu.

Jambo moja linalowakwaza wengi ni kwamba toleo la pili la LoTSS, lililotoka mwaka 2022 likiwa na vyanzo milioni 4.4, lilifunika maeneo ambayo kwa sehemu kubwa yako mbali na ukanda wa galaksi. Mabaki ya supanova yako kwenye ukanda huo. Anayedhani atapakua tu picha za LoTSS na kulikuta baki lake humo aangalie kwanza ramani ya maeneo yaliyofunikwa.

Kutafuta mabaki mapya, au kuchambua yanayojulikana

Katalogi ya mabaki ya supanova ya Njia Nyeupe inayotunzwa na David Green ilikuwa na mabaki 294 mwaka 2019, na hesabu za kiwango cha milipuko zinaashiria kwamba yanapaswa kuwa zaidi ya 1,000. Yaliyokosekana mengi ni ya aina mbili: yale madogo yaliyofunikwa na msongamano wa ukanda wa galaksi, na yale makubwa, mazee na hafifu. Kila aina ina darubini yake.

Kwa yale makubwa na hafifu MWA haina mpinzani, nami sioni sababu ya mtu kuanza kwingine. Mwaka 2019 kundi lililoongozwa na Natasha Hurley-Walker lilitangaza mabaki 27 mapya yaliyopatikana kwenye picha za GLEAM za ukanda wa galaksi, kwa njia ileile niliyoieleza: gamba linalong'aa kwenye masafa ya chini, mteremko hasi wa spektra, na ukosefu wa mwanga unaolingana nalo kwenye picha za infraredi, ambako mawingu ya hidrojeni ya moto huonekana kwa sababu ya vumbi lake lililopashwa joto. Kwa yale madogo upambanuzi wa dakika 2 hautoshi. Baki lenye upana wa dakika 3 litaonekana kwenye GLEAM kama doa lisilo na umbo. Mfano wa kazi iliyofaa aina hiyo ni utafutaji uliofanywa kwa darubini ya VLA ya Marekani kwenye megahezi 330, uliotangazwa mwaka 2006 na kundi la Crystal Brogan, ambao ulipata mabaki 35 katika kipande kimoja cha ukanda wa galaksi. Leo kazi kama hiyo ningeifanya kwa GMRT iliyoboreshwa, kwenye kundi lake la megahezi 250 hadi 500.

Chini ya megahezi 100

Baki la Cassiopeia A, katika kundinyota la Mke wa Kurusi, liko umbali wa takriban miaka 11,000 ya nuru, na nuru ya mlipuko wake ilitufikia mnamo miaka ya 1670 au 1680. Lina upana wa dakika 5 hivi za tao na mng'aro mkubwa mno, kiasi kwamba kelele ya anga haina uzito mbele yake. Katikati yake kuna vitu vilivyotupwa na nyota ambavyo bado havijafikiwa na wimbi la mshtuko linalorudi ndani. Vitu hivyo ni baridi, havitoi mnururisho unaoonekana kwa urahisi, na bila kuvipima huwezi kujua uzito wote wa kile ambacho nyota ilitupa.

Masafa ya chini huvipima kwa kivuli chake. Mwanga wa sinkrotroni unaotoka upande wa nyuma wa gamba lazima upite katikati kabla haujatufikia, na ioni za vitu hivyo baridi huufyonza. Kwa kuwa ufyonzaji huongezeka takriban kwa kipeo cha −2.1 cha masafa, kivuli ambacho ni hafifu kwenye megahezi 330 huwa kizito kwenye 74, na kizito zaidi kwenye 40. Namir Kassim na wenzake walikiona kwa VLA mwaka 1995. Mwaka 2018 kundi la Maria Arias, likitumia antena za chini za LOFAR kati ya megahezi 30 na 77, lilichora ramani ya ufyonzaji huo na kukadiria kwamba vitu hivyo vina uzito wa takriban mara 3 ya Jua, kwa kuchukulia kwamba joto lake ni kama kelvini 100 na kwamba havijajikusanya sana kwenye mabonge. Sharti hilo la mwisho lina uzito: mabonge yakiwa mengi, uzito unaohitajika kuleta kivuli kilekile hupungua.

Kwa swali la namna hii LOFAR haina mbadala kaskazini. MWA hufika megahezi 72, lakini upambanuzi wake huko ni wa dakika kadhaa za tao na baki lenye dakika 5 lingekuwa doa. GMRT huishia megahezi 120, ambako kivuli hakijakomaa. Ufyonzaji wa aina nyingine, ule unaotokea kwenye kingo ambako baki limegonga wingu la molekuli, kama ulivyoonekana kwenye baki la 3C 391 kwa VLA kwenye megahezi 74, nao unahitaji masafa ya chini pamoja na upambanuzi mzuri kwa wakati mmoja. Kwa nusu ya kusini ya anga, mchanganyiko huo unasubiri darubini ya SKA-Low, inayojengwa Murchison hukohuko iliko MWA: antena 131,072 zilizosambazwa hadi kilomita 74, zitakazopokea megahezi 50 hadi 350.

Ionosfia, na jasho la uchakataji

Kabla ya kufika ardhini, kila wimbi la redio hupita kwenye ionosfia, na elektroni za huko huisogeza awamu yake, yaani mahali pa vilele na mabonde ya wimbi, kwa kiasi kinachopanda masafa yanaposhuka. Fikiria antena mbili zinazotazama kupitia sehemu mbili za ionosfia ambazo idadi ya elektroni zake inatofautiana kwa elektroni trilioni 100 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni tofauti ndogo, ya kila siku. Kwenye megahezi 150 itazitenganisha awamu zao kwa nyuzi 32. Kwenye megahezi 50 kwa nyuzi 97, zaidi ya robo ya mzunguko. Na tofauti hiyo hubadilika kila baada ya sekunde chache, tena si sawa kwa kila upande wa eneo linalotazamwa.

Antena zikiwa karibu, zote hutazama kupitia ionosfia ileile, na madhara yake makubwa ni picha kusogea tu mahali pake. Ndiyo hali ya MWA, na ndiyo maana uchakataji wake, pamoja na kuwa na uwanja mpana wa kutazama unaohitaji programu maalumu kama WSClean, ni rahisi kwa mtu anayeanza. GMRT iko karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, ambako ionosfia huchafuka baada ya jua kutua; ningeomba muda wa usiku wa manane kuelekea alfajiri. LOFAR, kwa umbali wake mrefu na masafa yake ya chini, inadai marekebisho ya awamu kwa kila upande wa anga, data za terabaiti nyingi, na kuondolewa kwa mng'aro wa Cassiopeia A na Cygnus A ambao huingia kwenye picha hata darubini ikitazama kwingine. Mwanafunzi mwenye mwaka mmoja na kompyuta moja asiianze kazi ya antena za chini za LOFAR peke yake. Atafute kundi lenye uzoefu, au achukue picha zilizokwisha kuchakatwa.

Ningechagua nini

Kwa baki lolote la kusini au la karibu na ikweta ya anga, siku ya kwanza ningefungua GLEAM, nikate eneo langu katika vipande vyote 20 vya masafa, nipime mng'aro wote na mteremko wake, kisha nifungue TGSS nione vyanzo vidogo vilivyojificha ndani ya gamba. Hiyo ni kazi ya wiki, haina gharama ya muda wa darubini, na mara nyingi inaonyesha kama ombi la muda wa GMRT lina maana. Kwa baki la kaskazini lenye upana wa chini ya dakika 30, kama la Tycho, ningekwenda LOFAR moja kwa moja. Kwa mabaki yaliyo ndani ya galaksi nyingine kama M82, ambayo kila moja ni nukta ndogo mno, ni LOFAR yenye vituo vyake vyote vya kimataifa, na hakuna nyingine kati ya hizi tatu. Darubini za MeerKAT na ASKAP, ambazo huanzia megahezi 580 na 700, si za masafa ya chini kwa maana ninayoitumia hapa, lakini ndizo ninazozitegemea kwa nukta ya juu ya spektra kwa anga la kusini.

Limebaki baki moja ambalo uchaguzi wake ni mwepesi kuliko yote: G1.9+0.3, lililo changa kuliko mabaki yote yanayojulikana katika Njia Nyeupe, lenye umri wa karne moja na ushei. Liko upande wa kitovu cha galaksi, kwa hiyo LOFAR haiwezi; lina upana wa takriban dakika moja na nusu ya tao, kwa hiyo MWA italiona kama nukta. GMRT kwenye megahezi 400 ina upambanuzi wa sekunde 6 hivi, na linatosha vizuri ndani ya mipaka yake ya maumbo makubwa. Mtafiti atakayelipima aandike tarehe ya kila kipimo, na asiunganishe vipimo vya miongo tofauti kwenye spektra moja bila marekebisho, kwa sababu mng'aro wa baki hili bado unaongezeka mwaka hadi mwaka, wakati ule wa Cassiopeia A unapungua.